Wamempa mamangu 14 kwa 30 kwenye kipimo cha kumbukumbu, alama wamehesabu vibaya, na sasa ukoo unaongea habari ya nyumba

Jamani mtanisamehe kwa uzi mrefu lakini leo sinyamazi, roho inaniwaka.

Mamangu ni mtu mzima wa Lamu, mjane, ana sukari ya miaka mingi na mtoto wa jicho macho yote mawili, anangojea operesheni. Miezi hii akaanza kusahausahau, anauliza jambo moja mara tatu, wali ukamuungulia jikoni mpaka jirani akaja kugonga mlango. Dadangu anayekaa naye akampeleka kwenye kituo kimoja cha afya, na hapo dadangu alifanya sawa kabisa. Ni yaliyofuata ndiyo yananitoa machozi.

Wakamfanyia kile kipimo cha karatasi moja kinaitwa MoCA, cha kuchora saa na kukumbuka maneno, alama 30. Wakamfanyia pale penye watu wanapita, feni inapiga kelele, mtoto wa mtu analia, na mamangu sikio moja halisikii vizuri. Wakamaliza, chini ya karatasi wakaandika 14/30 dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na akili na kumbukumbu, halafu wakamwambia dadangu pale mlangoni, watu kwenye benchi wote wanasikia, kwamba mama akili zishaanza kwisha mzoeeni hivyohivyo. Basi. Hakutolewa hata tone la damu. Hakuulizwa dawa anazokunywa. Hakupewa tarehe ya kurudi.

Dadangu akaipiga picha ile karatasi akanitumia mimi, na pia akamwonyesha mtu mmoja wa ukoo ambaye simtaji, yule akaitia kwenye grupu la ukoo, na kabla ya isha watu washaanza kujadili nyumba, ati mama hawezi tena kuamua mambo, ati bora mambo ya karatasi za nyumba yashikwe na mtu mwingine. Nyumba ni ya mama! Yuko hai, anasali sala zake tano kwa wakati, anajua nani amemlipa na nani hajamlipa mpaka shilingi ya mwisho.

Sasa mimi ni nesi, nafanya kazi huku Malindi, hiyo karatasi naijua, nimewapimia wagonjwa. Nikaikuza ile picha kwenye simu nikaipitia mstari kwa mstari na kila mstari hasira inapanda.

Tuanze na pale pa kutoa saba kwenye mia, halafu saba tena, mpaka mara tano. Aliyepima ameandika majibu yake, namshukuru kwa hilo maana bila hayo nisingejua kitu. Mama amesema 93, 86, 78, 71, 64. Ameteleza pale pa tatu tu, ilikuwa 79. Sheria ya kuhesabu hapa wala si siri, iko kwenye maelezo ya kipimo chenyewe: kila hatua unaihesabu peke yake, mtu akikosea moja halafu akaendelea kutoa saba vizuri kutoka hapo alipo, zile za mbele ni sawa. 78 toa 7 ni 71. 71 toa 7 ni 64. Kwa hivyo amepata nne kati ya tano, na ukipata nne au tano unapewa alama 3 kamili. Yeye wamempigia mkwaju kuanzia 78 mpaka mwisho wakampa 2. Mwanamke ambaye hajawahi kukalia dawati la shule ya serikali amefanya hesabu ya kichwa kwa sauti mbele ya mtu asiyemjua, wamemkata!

Halafu saa. Wallahi hii ya saa ndiyo iliyonivunja. Karatasi inataka mgonjwa achore saa aweke mishale kwenye saa kumi na moja na dakika kumi, hiyo ni kwa saa ya kizungu, sisi hapo tunasema saa tano na dakika kumi. Aliyempima akasoma vilevile kama ilivyo, dadangu alikuwa hapo amesikia, "saa kumi na moja na dakika kumi". Mamangu akachora duara safi, namba zote 12 mahali pake, mshale mfupi akauweka kwenye 5 na mshale mrefu kwenye 2. Nyinyi mlioko pwani semeni wenyewe, mtu akikwambia tukutane saa kumi na moja na dakika kumi jioni ukitazama saa ya ukutani mishale iko wapi? Mfupi uko 5, mrefu uko 2! Amepatia kabisa yule mama, na saa nzima ameichora na mtoto wa jicho. Wamempa 2 kati ya 3, ya mishale wameweka sifuri.

Tarehe. Ameulizwa leo tarehe ngapi akataja ya mwezi mwandamo. Mwezi gani, akasema Mfungo Sita. Mwaka akataja wa Hijria. Hii ni Lamu jamani, mji mzima ulikuwa kwenye matayarisho ya Maulidi, mtu mzima wa pale atakutajia mwezi upi mwingine? Sifuri tatu. Najua kuna mtu atakuja kubishana hapa aseme karatasi inataka tarehe ya kizungu, sawa, lakini basi si umwulize tu, "na kwa kizungu mama?", kuna ugumu gani? Swali lile limewekwa ili tujue kama mtu anajijua yuko kwenye siku gani, na yeye anajijua. Siku ya wiki amepata, mahali amepata, mji amepata.

Elimu. Kuna kisanduku cha miaka ya masomo, wameandika HAKUSOMA. Mamangu amekaa chuo cha Kurani tangu mdogo, amesomesha Kurani watoto wa mtaa mzima, wengine sasa ni watu wakubwa na vyeo vyao, na mpaka macho yalipoharibika alikuwa anaandika barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tunazo nyumbani. Hizi za kizungu ndizo hazijui vizuri. Sasa kuna kile kipengele cha kuunganisha namba na herufi, 1 uende A uende 2 uende B, utampimaje nacho mtu ambaye maandishi yake yanatoka kulia kwenda kushoto na hayana A wala B? Na lililonishangaza zaidi, hata kama tukubali hilo la hakusoma, sheria ya kipimo inasema aliyesoma miaka 12 au chini yake anaongezewa alama 1. Hawakumwongeza! Wameandika hakusoma kwa mkono wao na bado alama moja ya haki yake hawakumpa.

Macho sasa. Picha za wanyama watatu, simba, kifaru, ngamia, zimechorwa kwa mistari myembamba. Amepata ngamia peke yake. Dadangu anasema mama alimwambia aliyepima, "mwanangu, mato yangu hayaoni vyema", akajibiwa jaribu tu mama. Jaribu tu! Mtu akiwa haoni, karatasi unaandika kwamba haoni, huandiki kwamba kasahau jina la simba. Kuna na boksi la kutazama ukalinakili, nalo ni hivyohivyo.

Nikijumlisha zile ambazo nina hakika nazo, moja ya kutoa saba, moja ya mishale, tatu za tarehe, moja ya elimu, mama anatoka 14 anafika 20. Na hapo sijagusa za macho.

Sasa nisikilizeni vizuri maana sitaki mtu aje aseme natetea mamangu kwa sababu ni mamangu. 20 bado iko chini ya 26 ambayo ndiyo mpaka uliowekwa na wenye kipimo. Yale maneno matano ya kukumbuka (sitayaandika hapa, mtu akiyajua kabla kipimo kinaharibika) amekumbuka moja tu mwenyewe, mengine mawili mpaka akapewa dokezo, na ya dokezo hayana alama, hapo wamehesabu sawa na sina ugomvi nao. Inaniumiza na inanitisha. Inawezekana kabisa kuna ugonjwa unaanza. Lakini ndiyo maana nilitaka apimwe vizuri! Nataka kujua ukweli wa mamangu, sitaki namba iliyotokana na macho mabovu na feni.

Kipimo kile kilichapishwa 2005 na daktari Nasreddine na wenzake kule Montreal, Kanada, kazi yake ni kuchuja, kukwambia huyu mwangalie zaidi na huyu labda hana neno. Hakitaji ugonjwa. Alama zikiwa chini ndipo kazi ya dokta inaanza, anauliza nyumbani mambo yakoje, anajipikia, anajivisha, pesa anahesabu, lini ilianza, ilianza ghafla au polepole. Ikiwa ghafla unatafuta maambukizi kwanza, mtu mzima akipata maambukizi ya mkojo anaweza kuchanganyikiwa kabisa na akitibiwa akarudi. Unaangalia tezi ya shingo. Unaangalia sukari. Na mamangu anakunywa metfomini, ile dawa ya sukari, miaka na miaka, dawa hiyo ukikaa nayo muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka kumbukumbu inaweza kuharibika, na hiyo inatibika! Sindano! Halafu mwaka huu amefiwa na nduguye wa tumbo moja, tangu hapo chakula hakimwingii na usingizi hana, huzuni ikizidi kwa mtu mzima nayo inafanana na kusahau. Hakuna aliyeuliza hata moja katika hayo.

Na ati mniambie hakuna vipimo vya watu kama mamangu. Viko. Hiyo MoCA yenyewe ina toleo jingine la watu wasioandika. Na hapo jirani tu, Hai kule Kilimanjaro, watafiti walikaa na wazee wa vijijini wakatengeneza kipimo kinaitwa IDEA, alama 15, huhitaji kalamu, mgonjwa anapanga vijiti vya kiberiti kufuata umbo unalomwonyesha, anataja wanyama anaowajua, anakumbuka maneno uliyomsomea. Kimefanyiwa kazi kwa Kiswahili! Kwa nini hapa kwetu tunapokea karatasi ya Kanada, tunampa kijana ambaye hakufunzwa kuitumia, wakati wenye kipimo wenyewe wanataka mpimaji apitie mafunzo apate cheti? Yule kijana mimi simlaumu sana, hasira zangu ziko kwa aliyemkabidhi karatasi akamwacha peke yake halafu akatia sahihi chini bila kusoma.

Na msidhani ni jambo la alama tu. Huku Malindi na Kilifi nzima tunajua wazee wamefanywa nini kwa kuitwa wachawi, mzee anatoka usiku hajui anakwenda wapi, anaongea peke yake, watu wanaanza maneno, na mara nyingi nyuma ya maneno kuna shamba. Neno kama lile ukilitamka mlangoni mbele ya benchi la watu hulirudishi tena. Kwa mamangu ni nyumba. Na niwaambie hao wa kwenye grupu kama mnasoma hapa, uwezo wa mtu kuamua mambo yake haupimwi kwa karatasi ya dakika kumi, mtu anaweza kusahau amekula nini asubuhi na bado akajua barabara nyumba yake ni ipi na anataka akae nani ndani yake.

EDIT: Naona mmoja hapo chini anasema nirudi kituoni nizungumze nao kwa upole. Nimeshazungumza. Nimeambiwa faili ishafungwa na nikitaka nimpeleke Mombasa. Mama mwenye macho yale, umshushe kwenye mashua, umvushe Mokowe, umpakie basi mpaka Mombasa, kwa kosa la mtu aliyeshindwa kuhesabu 71 na 64?

EDIT 2: Ninachotaka ni hivi na nishawaandikia barua. Lile neno litolewe kwenye faili mpaka dokta amwangalie kikamilifu. Damu yake ipimwe, B12 iwemo. Macho yafanyiwe operesheni kwanza, halafu apimwe upya kwenye chumba chenye mlango, asubuhi, na mtu anayesema Kiswahili cha Lamu, asikae mtoto wake pembeni kumjibia. Akipata 20, akipata 14, tutapokea na tutamtunza. Mwenye kujua dokta wa wazee au wa mishipa ya fahamu anayekuja Malindi au Lamu kwa kliniki naomba aniandikie inboksi, na wenye wazazi waliopimwa namna hii tafadhali itoeni ile karatasi muiangalie kwenye kile kisanduku cha elimu, kama ile moja imeongezwa au haikuongezwa, mje mseme hapa.