.223 kwa nyumbu na pundamilia, inafaa au niachane nayo?

KijanaWaBuhongwa:
Habari za jioni wakuu. Niko hapa Mwanza, namiliki bunduki ya .223 ya bolti (hiyo namba ni kipenyo cha risasi kwa inchi), leseni yake iko vizuri kabisa, mpaka sasa nimeipigia shabaha tu, hiyo pamoja na .22 ya mzee wangu. Sasa msimu huu kuna uwezekano mkubwa nikapata leseni ya kuwinda upande wa Simiyu, nyumbu na pundamilia, labda na swala pala. Shida yangu ni risasi. Dukani nimekuta .223 za aina tatu, kuna zilizofunikwa shaba mpaka nchani hizi ndio za bei rahisi, kuna ambazo ncha ni laini unaona kabisa ile rangi ya kijivu imechomoza, na kuna zenye kincha cha plastiki muuzaji anazisifia kweli kweli. Nichukue zipi za kuwindia na zipi za mazoezi, au ninunue aina moja nimalize? Mjomba ana .30-06 ila teke lake begani ni balaa, ndio maana napenda kubaki na hii yangu ndogo. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

BabaKulwa:
Mkuu wewe lenga vizuri tu, kipenyo watu wanakikuza sana. Kuna yule Mskoti Bell, enzi za zamani huko Karamoja Uganda, alipiga tembo zaidi ya elfu moja na wengi aliwaangusha kwa 7x57 ambayo watu wa leo wanaiona ya swala. Chukua hizo za kincha cha plastiki, zina kasi.

MzeeWaPori:
BabaKulwa mwanangu, hiyo habari ya Bell ni kweli lakini umeisimulia nusu. Bell alikuwa anatumia risasi ngumu, zile zisizopanuka kabisa, kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa greini 173, yaani mara tatu ya hiki cha .223 cha kawaida ambacho ni greini 55, gramu tatu na nusu hivi. Halafu yule bwana alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kila upande. Alikuwa anaweka risasi kwenye ubongo. Huyu kijana wetu ndio kwanza anaenda porini, usimpeleke kwa Bell.

Sasa kijana, mimi nimefuata nyayo na wageni kule Maswa miaka mingi kabla miguu haijachoka, nikwambie nilichokiona kwa macho. Mgeni mmoja alikuwa na .223 na hizo hizo za kincha cha plastiki, zimetengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo kama mbweha, zinapasuka vipande vipande zikigusa nyama, na hiyo ndio kazi yake. Akampiga nyumbu dume begani. Mnyama akaruka, akatimua vumbi, akaondoka na kundi. Tumefuata damu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, matone madogo madogo kwenye majani, saa nyingine unapiga magoti unageuza jani moja moja ndio unaona. Tulipompata akamaliziwa kwa .375 ya mwindaji bingwa. Tulipomchuna lile bega lilikuwa na shimo pana kama kiganja changu ila kina chake hakifiki hata urefu wa kidole, kichwa cha risasi kimesagika chote juu ya mfupa, mapafu hayajaguswa hata kidogo. Siku nzima yule mnyama alikuwa anatembea na lile bega. Sipendi kukumbuka.

Nyumbu dume ni kilo 250 hivi, na pundamilia anakaribia huko huko, tena pundamilia ni mgumu kufa kuliko anavyoonekana. Risasi ya .223 inatoka na nguvu kama jouli 1,700. Ile .30-06 ya mjomba wako inafika 3,900, na .375 inavuka 5,700. Kwenda kwa nyumbu na .223 ni kuvua sangara kwa ndoano ya furu, inaweza kutokea siku moja ikakubali lakini siku nyingine zote unamjeruhi na anaondoka nayo. Na kwa nyati, simba na tembo hapo hata mjadala hakuna, sheria inataka .375 kwenda juu.

Soma pia masharti ya leseni yako utakapoipata, waulize watu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kabisa, wakwambie kipenyo kinachoruhusiwa kwa kila mnyama aliyeandikwa mle. Usije ukafika geti la pori la akiba na silaha ambayo hairuhusiwi.

FundiIgoma:
Mzee kamaliza upande wa mnyama, mimi niongezee upande wa bunduki yenyewe.

Zile za shaba mpaka nchani ni za shabaha, usiwindie. Hazipanuki, mara zinatoboa na kupita zikiacha tundu dogo, mara zinageuka ubavu ndani ya nyama, huwezi kutabiri. Mnyama anakimbia kilomita na wewe unadhani umemkosa. Pia zikipita zinaendelea na safari, na nyuma ya swala kunaweza kuwa na ng'ombe wa mtu au mtu mwenyewe. Hiyo ya ncha laini ndio ya kuwindia kwa kawaida, inapanuka taratibu kama uyoga na bado inaingia ndani.

Angalia na mtutu wako umeandikwaje. Kama ni 1:12 maana yake mikunjo ya ndani inazungusha risasi mara moja kila inchi 12, huo unapenda vichwa vyepesi, greini 55 hivi mwisho. Ukiweka cha greini 77 kinayumba hewani na kwenye karatasi utaona tundu la ubavu, sio la duara. Mtutu wa 1:9 unabeba mpaka kama 69, wa 1:7 ndio unakubali hivyo vizito. Watu wengi wanalaumu darubini wakati tatizo ni hapo.

Halafu usije ukapewa 5.56 za kijeshi na mtu wa mtaani akakwambia ni zile zile. Kwa macho zinafanana sana, ila zile zinajazwa presha kubwa zaidi na chemba zake, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, zina nafasi tofauti mbele, kwenye chemba ya .223 presha inaweza kupanda kupita kiasi. Na ukikutwa nazo hiyo ni kesi nyingine kabisa. Nunua duka lenye leseni, kwa kibali, basi.

Mama_Shabaha:
Kijana, mimi nakujibu la mazoezi maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unauliza ununue za bei rahisi za mazoezi na za ghali za kuwindia, sawa unaweza, ila jua kwamba kila aina inatua pake. Bunduki ile ile, darubini ile ile, ukibadilisha boksi unaweza kukuta mita 100 imehama vidole vitatu pembeni. Kwa hiyo za rahisi zipigie kwa ajili ya kushika vizuri, kupumua, kuvuta trigga pole pole bila kuishtukia, halafu wiki za mwisho kabla ya safari weka sifuri upya, yaani rekebisha darubini risasi itue pale unapolenga, kwa zile zile utakazobeba porini, na usiguse tena darubini.

.22 ya mzee wako ndio mwalimu wako mzuri, haina teke wala kelele za kutisha, na boksi lake ni 50 kwa bei ambayo haiumizi. Ukiweka sifuri mita 50, ukienda 100 itashuka kama sentimita 15, hapo ndio unajifunza kusoma umbali. Usipige umelala kwenye meza tu. Porini hakuna meza. Piga umesimama umeegemea fimbo tatu zilizofungwa juu, piga umekaa, piga umepiga magoti pumzi ikiwa juu baada ya kukimbia kidogo. Mimi mfuko wangu wa kuegemea nimeushona mwenyewe nikajaza pumba za mpunga, mwepesi na hauhami kama wa mchanga.

Nyumbani pia unaweza kuvuta trigga bunduki ikiwa tupu, umeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine. Kwa .223 weka zile risasi bandia za mazoezi, kwa .22 usifanye kabisa bila kuuliza fundi maana pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Na tafuta sehemu iliyoruhusiwa kupigia, waulize polisi. Kwenye mawe yetu haya ya Mwanza risasi inadunda na kurudi usipopajua, usijaribu kupiga mlimani hata kama hakuna mtu.

KijanaWaBuhongwa:
Shikamoo mzee, shikamoo mama. Asanteni sana, nimeelewa, .223 inabaki ya shabaha. Kwa hiyo niazime tu ile ya mjomba? Na risasi nazihifadhije, nyumbani ni karibu kabisa na ziwa, vitu vya chuma vinashika kutu haraka.

MzeeWaPori:
Marahaba. Silaha haiazimwi kwa mdomo mwanangu, mjomba akikupa bila utaratibu wa polisi mnaingia matatani wote wawili. Nendeni pamoja mkaulize inavyotakiwa kabla ya msimu, usingoje wiki ya mwisho. Na ukishaipata kihalali, teke lake utalizoea, nunua za ncha laini greini 180, anza na chache kila siku ya mazoezi, kitako kikae ndani ya bega sio juu ya mfupa. Ukichoka rudi kwenye .22, ukilazimisha utaanza kufumba macho kabla haijalia.

FundiIgoma:
Kuhusu ziwa, usiache risasi kwenye mkanda wa ngozi, ngozi inakula shaba, utakuta ganda limeota ukijani na linagoma kutoka kwenye chemba. Weka ndani ya boksi lake, boksi ndani ya kopo la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, tupia na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, kopo ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na bunduki. Yenye ukijani usiifute ukaitumia, itenge na uirudishe kwa muuzaji au polisi. Na bunduki ikitoka kwenye gari baridi kuingia hewa ya ziwa inatoka jasho, ifute na uipake mafuta kidogo usiku ule ule.

BabaKulwa:
Mzee nimekupata. Hiyo ya greini 173 ya Bell sikuwa nimeiwekea uzito. Kijana ukipata tarehe za leseni weka hapa, nami naomba mwaka huu, tunaweza kwenda mazoezi pamoja.