Naomba ushauri: Kukata paa la Peugeot 504 ya milango minne, kazi tunafanya wenyewe nyumbani (Mwanza)

Mwana Butimba

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika nikiwa nimekwama na usingizi umenikimbia, kwa hiyo naomba mwenye ujuzi anisaidie moja kwa moja.

Ninayo Peugeot 504 saluni ya milango minne, ya mwaka 1979, ambayo imesimama uani kwetu Butimba kwa miaka mingi. Injini ni ya kabureta, ya lita mbili, na bado inawaka. Nataka kuigeuza iwe gari la wazi la kubebea maharusi, kwa sababu hapa mjini maharusi wote wanapanda magari yanayofanana, na gari la zamani lisilo na paa likishuka Capri Point kwenda kupiga picha karibu na Jiwe la Bismarck halitakuwa na mshindani. Mdogo wangu amesomea kuchomelea, mama ni fundi cherehani na ameahidi kushona siti zote upya, na mpwa wangu wa darasa la saba anapiga msasa akitoka shule.

Naomba kujua mambo mawili. Niweke chuma cha ukubwa gani chini ya bodi ili isipinde nikishaondoa paa? Na springi za bapa za nyuma, ambazo zimechoka, nitazipata wapi hapa Mwanza? Harusi ya kwanza ni Desemba.

Fundi wa Mabatini

Mkuu, kabla ya ukubwa wa chuma kuna jambo la kulielewa. Gari hilo halina chesisi ya kujitegemea kama lori au Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo mifupa: sakafu, mihimili iliyo chini ya milango, nguzo na paa vyote vinasaidiana kubeba uzito. Ukiondoa paa, kazi yote inahamia kwenye sakafu na ile mihimili ya pembeni, na gari linaanza kukaa tumbo katikati. Utaiona dalili mapema, kwa sababu milango ya nyuma itakataa kufunga siku watu wanne watakapokaa ndani.

Peugeot wenyewe walitengeneza 504 ya wazi, iliyobuniwa na Pininfarina, lakini hawakuchukua saluni wakaitoa paa. Ile ina milango miwili, na walifupisha umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka sentimita 274 hadi 255. Wewe unataka kuacha urefu wote pamoja na milango minne, na nguzo ya katikati inayoshika bawaba za mlango wa nyuma ibaki kisiki kisicho na kitu cha kukishika juu. Hata ukipitisha bomba la mraba la milimita 50 kila upande, bila kuunganisha pande hizo mbili kwa vyuma vinavyovuka sakafu utakuwa umeongeza uzito tu.

Niambie pia mdogo wako anachomelea kwa mashine gani. Bati la bodi ni jembamba, na mashine ya vijiti inalitoboa na kulikunja kwa joto. Inatakiwa ya waya na gesi.

Mama Kirumba

Mwanangu, wengine watakujibu habari za vyuma, mimi nimeshtushwa na huyo mtoto wa darasa la saba. Rangi za magari ya miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto linaharibu ubongo polepole bila mtu kuona kidonda. Mwondoe kwenye msasa. Mtu mzima naye apige msasa kwa maji, avae barakoa ya maana, na tope litakalobaki lisimwagwe bustanini wala wanapopita kuku.

Jambo la pili ni upuliziaji wa rangi. Rangi za kuchanganya na kigumushi zina kemikali inayosababisha pumu, na kitambaa cha mdomoni hakiizuii. Mdogo wangu wa kiume alipulizia magari uani kwetu bila kinga, na leo hawezi kupanda ngazi za Bugando bila kupumzika. Ukishafika hatua ya rangi, lipeleke gari kwa mwenye chumba cha kupulizia. Mama yako abaki na cherehani yake, hiyo ni kazi nzuri na ya salama.

Mzee wa Redio

Nimesoma nikasikitika, kijana wangu. Sisi tuliokuwa wadogo Musoma tulikuwa tunafuatilia mashindano ya magari ya Safari Rally kwa redio, na jina la Peugeot lilikuwa kama jina la timu ya nyumbani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Kisha ikaja 504, na Ove Andersson akashinda nayo mwaka 1975. Gari lililokuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, likatengenezwa zaidi ya milioni tatu, leo ukitembea Mwanza nzima ni bahati kukutana na moja linalotembea.

Baba yangu mdogo alikuwa na 504 ya rangi ya maziwa. Alitupeleka nayo Bunda, Nansio kwa kivuko, hadi Tarime wakati wa mvua, na sikumbuki siku aliyotushusha njiani tusukume. Aliyekuja kuinunua aliikata nyuma akaifanya pikapu, na haikumaliza masika mawili. Nakusihi uirudishe ilivyokuwa. Maharusi watalipenda likiwa na paa lake.

Mkazi wa Nyegezi

Kadi ya gari ina jina la nani?

Mwana Butimba

Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa, ila biashara ya harusi ina ushindani na gari lenye paa halitanitofautisha na wengine. Mama Kirumba, asante. Mtoto nimemwondoa kwenye msasa tangu leo. Fundi, mashine ya waya tunayo, ni mpya. Tumekwisha kutoa kioo cha nyuma na kukata nguzo mbili za nyuma, kwa hiyo ushauri wa kurudi mwanzo haunisaidii sana. Nahitaji kujua namna ya kuendelea salama.

Kadi ipo.

Mkazi wa Nyegezi

Ndugu yangu, sikuuliza kama ipo. Nimeuliza jina lililoandikwa.

Mwana Butimba

Ni jina la marehemu baba. Kadi anayo dada yetu mkubwa, yuko Musoma. Mirathi haijafunguliwa kwa sababu hatukuwa na ugomvi wowote, na sikuona haja ya kulileta suala hili hapa kwa kuwa swali langu ni la chuma. Dada aliwahi kusema gari lisiguswe mpaka tukae kikao, lakini maneno hayo aliyasema msibani, na tangu wakati huo hajauliza gari linaendeleaje wala kuchangia chochote. Mimi ndiye niliyelifunika turubai, mimi ndiye niliyewasha injini isigande, na nilimuuguza baba mpaka mwisho. Kuna familia imekwisha kutoa malipo ya awali kwa harusi ya Desemba, na fedha hizo ndizo zilizonunua mashine ya kuchomelea. Kuliacha lioze uani ndiko kungekuwa kumdharau baba.

Karani Mstaafu

Kijana, uchungu wako ninauona na sina shaka ulimtunza baba yako vizuri. Hata hivyo mali ya marehemu haiwi ya mtoto aliyekaa nayo karibu. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na mahakama inamthibitisha. Kwa familia nyingi za huku ni Mahakama ya Mwanzo. Bila msimamizi huyo, TRA haiwezi kuhamisha umiliki wa gari, na wewe huwezi kulikatia bima kwa jina lako.

Fikiria pia siku ya harusi yenyewe. Kadi inasomeka saluni, jina ni la marehemu, gari halina paa na limekodishwa kwa fedha. Trafiki akilisimamisha Igoma, bibi harusi atateremka kando ya barabara na shela lake. Na likitokea la kutokea, mwenye bima atakuwa na sababu ya kukataa kulipa hata kabla hujamaliza kueleza. Nimeona mirathi ya ng'ombe na ya viwanja ikigawa watu waliokuwa wakila sahani moja, na mara nyingi ilianza kwa mmoja kugusa kitu akisema wenzake hawakijali.

Jicho la Pasiansi

Naomba radhi kwa wote wanaojibu kwa moyo, lakini mimi nahisi hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwenye uzi anaulizia springi za bapa za nyuma. Saluni ya 504 haikutoka kiwandani na springi za bapa. Nyuma ina springi za kuzunguka. Za bapa ni za pikapu. Mtu aliyelitunza gari kwa miaka na kulifungua mpaka nguzo angelijua hilo. Kisha baba marehemu, dada mwenye kadi, harusi ya Desemba, vyote vinatoka kimoja kimoja kila anapobanwa. Hakuna picha hata moja. Msimpotezee muda Fundi wetu.

Mpita Njia wa Igoma

Hata mimi hilo la springi nililiona, nikanyamaza. Alete picha.

Mwana Butimba

Nimeumia kusoma hayo, kwa sababu jina la baba silifanyii mzaha. Picha nimeziweka sasa: ya ubavuni, ya nguzo zilizokatwa na ya chini upande wa nyuma. Springi ni za bapa kwa sababu baba alibadilisha ekseli nzima ya nyuma, akaweka ya pikapu, alipokuwa akibeba mizigo. Sikulisema mapema kwa kuwa kwangu gari hili limekuwa hivyo tangu nikiwa mtoto.

Binti wa Igombe

Ninalifahamu gari hili. Lilikuwa jeupe, nyuma limeinuka kuliko mbele, na mwenyewe alikuwa mzee mrefu mwenye heshima sana, akija mwaloni Igombe kuchukua kayabo. Siti ya nyuma alikuwa ameitoa na mzigo unafika mpaka kwenye kioo. Mama yangu alikuwa akimuuzia. Pole sana kaka, sikujua kama mzee alitangulia.

Fundi wa Mabatini

Picha nimezitazama kwa makini, na Jicho la Pasiansi ametusaidia kuliko anavyodhani. Gari ni la kweli, lakini habari hii mpya inabadilisha jibu langu.

Kwanza, vishikio vya springi za bapa vimechomelewa kwenye bodi ambayo haikuundwa kuvipokea. Pale gari linapotetemeka, mzigo unasukuma sakafu mahali ambapo kiwanda hakikutarajia, na paa ndilo lililokuwa linasaidia kuzuia isipasuke. Pili ni hilo la kayabo. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, ndiyo maana magari ya huku hayaliwi na kutu kama ya pwani, lakini kayabo ni sangara aliyelazwa kwenye chumvi, na maji yake yamekuwa yakichuruzika chini ya zulia na kuingia ndani ya mihimili ile ile unayotaka ibebe gari zima. Kwa nje rangi inaweza kuonekana nzima.

Fanya hivi kabla ya kukata hata sentimita moja zaidi. Toa zulia, chukua bisibisi nene, gonga na kuchokonoa mhimili wa chini ya milango pande zote mbili, hasa karibu na gurudumu la nyuma. Kisha urudi utuambie.

Mwana Butimba

Nimefanya na mdogo wangu asubuhi hii. Upande wa kulia bati linalia vizuri. Upande wa kushoto bisibisi imezama mpaka mpini, na ndani kumetoka kutu kama majani ya chai. Mama alikuwa amesimama hapo, na ndiye aliyempigia dada simu kabla yangu. Dada hakugomba. Amesema atakuja na kadi mwisho wa mwezi na tukae kikao, na akaomba nguzo zirudishwe kabla hajafika.

Wenye harusi nimewaambia gari litakuwa na paa, kama halitawafaa nitawarudishia fedha zao kidogo kidogo. Wameomba siku chache wafikirie.

Fundi, nguzo zinaunganishwaje?

Fundi wa Mabatini

Usiunganishe ncha kwa ncha. Gari likae kwenye usawa, likiwa limebebwa pande zote nne, na uhakikishe milango yote inafunga kabla ya kushika mashine. Ndani ya kila nguzo ingiza kipande cha bati kinachopita juu na chini ya mkato, kisha uchomelee kwa vituo vifupi, ukipumzisha bati lipoe. Tangi la mafuta litoke kabisa, waya za betri zifunguliwe, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mhimili wa kushoto usiuzibe kwa puti. Ukate sehemu yote iliyooza na uweke bati jipya. Na kama bado unataka upepo juu ya vichwa vya maharusi, baadhi ya 504 zilitoka kiwandani na dirisha la paa linaloteleza. Hilo linawezekana bila kugusa nguzo, ila ni baada ya kikao chenu.

Mpira wa kioo cha nyuma mliutoa mzima, au mliukata?

Mwana Butimba

Tuliukata.

Binti wa Igombe

Kuna bodi ya 504 imelala nyuma ya gereji moja hapa Igombe, na kioo cha nyuma bado kimo. Nitamuuliza mwenyewe kesho kama mpira unatolewa.