Mtetemo wa padi ya gemu: mnauacha au mnauzima?

Kona_Kali

Wakuu, salaam. Naomba maoni ya waliocheza gemu kwa muda mrefu, maana jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Mimi nilikuwa mtu wa kuzima mtetemo. Padi zangu zote za zamani, kabla hata ya kuanza gemu, naingia kwenye mipangilio nauzima. Sababu ni kwamba ulikuwa mngurumo mmoja kwa kila kitu. Gari limegonga ukuta, dududu. Bomu limelipuka, dududu. Mtu kaanguka kutoka juu, dududu ile ile. Nikicheza saa moja viganja vinawasha kama nimeshinda nimeshika mashine ya kunyolea. Nikaamua huu ni urembo wa kumaliza chaji, basi.

Juzi nimepata DualSense, padi ya PlayStation 5 (PS5), nikasahau kuuzima. Nilikuwa kwenye Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari. Naingia kona, nakanyaga breki, L2, kile kitufe cha nyuma upande wa kushoto, ikaanza kupigapiga chini ya kidole, mapigo mafupi ya harakaharaka. Nilidhani kitufe kina hitilafu. Mzunguko wa tatu ndipo nikang'amua kwamba ni ABS inafanya kazi, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge kwenye breki, yaani nimekanyaga kupita kiasi. Nikalegeza kidole kidogo tu, mapigo yakakoma, gari likageuka vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye kona muda wote, na sikuhitaji kuyatoa pale.

Swali langu: huu mtetemo wa kisasa unaboresha uchezaji kweli, au ni ugeni tu ambao utanitoka baada ya mwezi? Na kwenye gemu za kulenga shabaha mnafanyaje?

Fundi_Waya

Mkuu, hukukosea zamani na hukosei sasa. Hivyo ni vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja.

Ukifungua padi ya zamani utakuta mota mbili, kila moja ina kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, chuma kile kinaitikisa padi nzima. DualShock, padi ya PlayStation ya mwaka 1997, ilikuja na chuma kizito mkono wa kushoto na chepesi mkono wa kulia, na padi nyingi zilizofuata ziliendelea na mpango huohuo. Tatizo lake ni kwamba nguvu na kasi vimefungwa pamoja. Ukitaka itetemeke kwa nguvu, lazima izunguke haraka. Tena inachelewa kushika kasi, na inachelewa kusimama. Tone la mvua utalionyeshaje kwa kitu ambacho hakijui kusimama? Ndiyo maana kila kitu kwako kilikuwa dududu.

DualSense ya 2020 haina mota zile. Ndani kuna koili na sumaku, mpangilio unaofanana na wa spika, na inapokea mawimbi kama sauti inavyopokewa. Mtengenezaji wa gemu anaweza kukupa mpigo mmoja mwembamba ukakatika hapo hapo, au mkwaruzo unaohama kutoka mkono huu kwenda ule. Nintendo walishaanza njia hiyo kwenye mashine yao ya gemu, Switch, mwaka 2017. Katika gemu yao ya 1-2-Switch kuna mchezo wa kukisia idadi ya golori ndani ya kiboksi. Hakuna kiboksi wala golori, kuna Joy-Con tu, ile padi ndogo ya Switch, unayoinamisha huku na huku, lakini ukitulia mkono unazihesabu.

Hayo mapigo ya L2, pamoja na ugumu ambao L2 na R2 (mwenzake wa kulia) hupata ukivibonyeza, ni kazi nyingine kabisa. Nyuma ya kila kitufe kuna mota ndogo yenye gia inayokisukuma kidole chako kirudi.

Risasi_Tatu

Kwa gemu za kulenga mtandaoni, zima. Padi ikitikisika, kidole gumba kilicho juu ya stiki kinatikisika nacho, na hapo umekosa kichwa cha mtu. Ugumu wa R2 ndio mbaya zaidi: nataka risasi itoke nikigusa, si nianze kushindana na kitufe. Nikicheza gemu ya hadithi peke yangu nawasha vyote. Kwenye PS5 mtetemo na ugumu wa vitufe vinapangwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo huna haja ya kuchagua yote au hakuna.

SikioMoja

Nawasoma, na ningependa kuongeza upande ambao hamjaugusa. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia kwa shida. Kwa miaka yote gemu kwangu ilikuwa picha na manukuu, yale maandishi ya mazungumzo chini ya skrini.

The Last of Us Part I, gemu ya hadithi, kwenye PS5 ina mpangilio unaopeleka maneno ya wahusika kwenye padi kama mtetemo. Manukuu yananipa alichosema mtu. Hayanipi alivyokisema. Siku ya kwanza nilipouwasha, mhusika alinong'ona na nikapata mguso mdogo kwenye viganja, kama mtu anapitisha kucha juu ya ngozi. Mwingine akamfokea, padi ikagonga. Nilirudia sehemu ile mara tatu. Nilijua watu wale wanagombana, lakini nilikuwa sijawahi kujua ni nani aliyepandisha sauti kwanza.

Kwa hiyo Kona_Kali, mimi siwezi kukujibu kama ugeni unaisha. Kwangu haujaisha.

Kona_Kali

Nimerudi, wakuu. Nimefanya jaribio langu: gari lile lile, barabara ile ile, mizunguko kumi mtetemo ukiwa umewashwa na kumi ukiwa umezimwa. Muda wangu bora haukubadilika kwa kitu cha maana. Lakini ulipokuwa umezimwa nilitoka nje ya barabara mara nne, na ulipowashwa mara moja tu. Sijawa na kasi zaidi, nimekuwa na uhakika zaidi, na mimi hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Risasi_Tatu, nimekusikiliza pia. Kwenye gemu za kulenga nimezima ugumu wa R2, mtetemo nimeuacha kwenye kiwango cha chini kabisa. Kwa sasa sioni kero.

SikioMoja, jana usiku niliuwasha ule mpangilio uliousema, nikazima sauti ya TV kabisa. Nilikaa nimeshika padi mazungumzo yote ya mwanzo. Kuna mahali mtu anaishia katikati ya sentensi, na padi nayo ikakatika mkononi. Gemu hiyo nimeimaliza mara mbili, na kile kimya sikuwahi kukigundua. Kama kuna gemu nyingine zenye mpangilio huo, tafadhali zitaje hapa.