Ukuta usioonekana umezima mzingiro wetu: uganga wa kujilinda utumikeje katika vita vya mchezoni?

Mchezeshaji wa Pasua (Moshi)

Wakuu, salamu. Sisi ni wachezaji watano hapa Moshi, tunakutana kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana kucheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa kuigiza mashujaa mezani kwa dadu na kanuni, na mimi ndiye mchezeshaji, yaani msimulizi anayemwendesha adui. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiandaa vita vya kuzingirwa kwa ngome. Nilichora ramani upande wa ndani wa mfuko wa saruji, nikapanga vizibo vya soda 100 kuwa askari wa adui, na mtambo wa kurushia mawe nikauunda kwa njiti za kiberiti. Siku ilipofika, adui alivunja lango kwa gogo, na papo hapo mganga wa kundi letu, ambaye yuko ngazi ya 9 (kiwango cha uwezo wa mhusika), akasimamisha ukuta wa nguvu usioonekana mbele ya pengo. Kanuni zinasema wazi kwamba hakuna kiwiliwili kinachopenya ukuta huo, silaha haziudhuru, na hata uganga wa kutangua hauuondoi. Nilibaki nikivitazama vizibo vyangu bila kujua nivipeleke wapi, na kabla ya saa kumi tulikuwa tumeshakunja ramani.

Simlaumu mchezaji, kwa kuwa alitumia haki yake. Ninachoomba kufahamu ni kama nimpunguzie nguvu, au kama kuna namna ya kuendesha mzingiro ambamo uganga wa kujilinda unabaki na thamani yake kamili, na adui naye anabaki na sababu ya kuendelea kupigana.

Fundi wa Dadu (Arusha)

Ndugu mchezeshaji, usimpunguzie chochote. Tatizo ulilolieleza ni la saa na futi, nalo linahesabika.

Ukuta ule unadumu dakika 10 tu, tena kwa sharti kwamba mganga asipoteze umakini wake, maana ukipotea uganga unakoma. Una vipande 10 vya futi 10 kwa 10, yaani ukivipanga mstari mmoja unaziba futi 100. Mganga wa ngazi ya 9 ana nafasi moja (yaani ruhusa ya kufanya uganga mara moja) ya uganga wa daraja la 5 (kipimo cha nguvu ya uganga) kwa siku, na akipumzika kidogo anaweza kuirudisha mara moja. Basi katika siku yenye dakika 1,440, ngome yako inalindwa na ukuta huo kwa dakika 20. Jemadari mwenye akili atawarudisha askari wake nyuma ya ngao, wanywe maji, kisha wapeleke gogo upande wa pili wa boma ambako mganga hayupo. Kumbuka pia kwamba ukuta unazuia pande zote mbili, kwa hiyo wapiga mishale wa ndani nao hawana pa kupitishia mshale.

Uganga ninaouheshimu zaidi ni ukuta wa mawe, wa daraja hilohilo la 5. Mganga akiushikilia kwa dakika zote 10, mawe yanabaki daima na hayatanguliki tena. Kila kipande cha futi 10 kwa 10, chenye unene wa inchi 6, kina pointi 180 za uhai, yaani kiasi cha madhara kinachoweza kustahimili. Mtambo mkubwa wa kurushia mawe unapiga dadu 8 za pande 10, wastani wa pointi 44, kwa hiyo unahitaji kupatia takriban mara tano ili kuangusha kipande kimoja. Na kila jiwe linagharimu matendo matano, yaani mawili ya kupakia, mawili ya kulenga na moja la kufyatua. Sasa mpe mganga wako siku 30 kabla ya adui kuonekana. Kwa futi 100 kila siku atakuwa amejenga futi 3,000, mradi tu ukuta ushikamane na mawe yaliyopo tayari. Sharti hilo la mwisho nalipenda sana, kwa sababu linamlazimu mchezaji ashuke kwenye ramani na kuuliza mwamba uko wapi.

Mjukuu wa Kibosho

Mwenzangu wa Arusha amesema kweli kuhusu maandalizi, nami naongeza kwamba lugha yetu ililijua jambo hilo zamani. Tuna zindiko, tuna kago, na tuna fingo, ambalo huzikwa ardhini ili kulinda mahali. Yote matatu hufanywa kabla ya hatari, kwa gharama na kwa miiko. Ukichunguza, kanuni za mchezo nazo zina fingo lake: kuhani, mhusika anayepata uganga wake kutoka kwa miungu, wa ngazi ya 11 anaweza kufunga eneo la hadi futi za mraba 40,000 ili adui asijihamishie ndani kwa uganga. Kwa kawaida ulinzi huo hudumu saa 24, lakini akiurudia mahali palepale kila siku kwa siku 30 bila kukosa, unabaki hadi utanguliwe, na unga wa rubi wenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu unateketea siku ya mwisho. Kundi lenu halijafika ngazi hiyo, kwa hiyo mweke kuhani mzee ndani ya ngome, halafu adui apate habari na kutuma watu wake usiku wa 29. Hapo wachezaji wako watakesha bila kuambiwa.

Jambo jingine ni ardhi na maji. Boma la mawe la Mangi (mtawala) Sina hapa kwetu Kibosho lilitekwa na Wajerumani waliokuja na kamanda wao Wissmann mwaka 1891, lakini Wachagga walikuwa pia na mahandaki ya kujifichia, watu pamoja na mifugo. Ukiingizwa katika handaki la Marangu unainama, mabega yanakaribia kugusa udongo, na unaelewa mara moja kwamba mtu mmoja mwenye mkuki anatosha kulinda njia. Mahali kama hapo uganga mdogo wa daraja la 1 wa kutoa tahadhari, unaodumu saa 8, unafaa kuliko ukuta wowote wa fahari. Na adui akikata mfongo, yaani mfereji wa kienyeji unaoleta maji, kuhani atalazimika kuumba maji, galoni 10 kwa kila nafasi ya daraja la 1, ambazo ni takriban lita 38. Kila nafasi anayoitumia kunywesha watu ni jeraha moja ambalo hataliponya.

Upinde Mrefu

Naafiki, ila naomba siku ya vita yenyewe isimezwe na mahesabu ya siku 30. Upinde mrefu unafika futi 600, ilhali uganga wa mpira wa moto unaishia futi 150, na uganga wa kuzuia uganga wa mwenzako unataka uwe ndani ya futi 60. Mganga anayetaka kulinda lazima ajianike, na kila mshale unaompata unamlazimu arushe dadu ili asipoteze umakini. Akisimamisha ukuta wa upepo, mishale itapeperushwa juu, lakini mawe ya mitambo yatapita kama kawaida. Mpe adui vyote viwili, mishale na mawe, umwache mganga achague.

Mchezeshaji wa Pasua (Moshi)

Nawashukuru sana wakuu. Nimezungumza na mganga wetu jana jioni, nikamweleza kwamba ukuta wake unabaki kama ulivyo kwenye kanuni, na kwamba tutaanza upya siku 30 kabla ya adui kufika. Hakulalamika hata kidogo. Aliomba ramani, akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye ule mstari wa buluu unaoshuka kutoka mlimani hadi ndani ya ngome, akaniuliza unapita juu ya udongo au juu ya mwamba. Sikuwa nimefikiria. Nimempa mwamba kwa futi 400 za mwanzo.