Naomba ushauri: cheni ya pikipiki inakaza na kulegea gurudumu likizunguka

Ndugu wanachama, habari za kazi. Pikipiki yangu ya cc 150, ninayobebea abiria, imeanza kugonga cheni kwenye kava kila ninapopunguza mwendo. Nimeisimamisha kwa stendi kubwa, nikalegeza nati ya ekseli, nikavuta adjasta (skrubu za kukazia cheni) za pande zote mbili hadi alama zikalingana, nikapima mchezo (kiasi cheni inavyopanda na kushuka) wa milimita 25 katikati ya upande wa chini wa cheni. Hata hivyo, nikizungusha gurudumu taratibu, kuna sehemu cheni inakaza kabisa, kisha inalegea hadi milimita 45. Meno ya spoketi ya nyuma (duara la meno linalozungushwa na cheni) bado hayajachongoka.

Je, mchezo upimwe inapokaza zaidi au inapolegea? Na nikibadilisha cheni pekee, spoketi hizi za zamani zitaiharibu? Naogopa kuikaza kupita kiasi nikaua beringi.