Nyumba ya Mkomani: safari ya Bibi

Rukia, 19:42: Assalaam aleikum jamaa. Alhamisi Bibi avuka kwenda uwanja wa Manda saa tatu asubuhi, ndege saa tano. Wakishuka Wilson, Nairobi, yeye na Fuad, ni teksi mpaka uwanja mkubwa, JKIA, na ndege ya Jeddah ni usiku. Saa nyingi za kungoja, na Bibi bila kahawa kichwa chamuuma, nyote mwajua.

Rukia, 19:44: Safari yangu ya mwisho nilinunua mle uwanjani vikombe viwili vya kahawa na sambusa mbili, pesa ikaenda kama ya kilo ya nguru. Bibi hatafanyiwa hivyo.

Rukia, 19:49: Vikavu vyapita kwa wakaguzi: mahamri, kashata, visheti. Kahawa ya maji haipiti, mwisho mililita 100. Chupa ya chai ibebwe tupu, kahawa ya kusaga na tangawizi zifungwe kando. Wakishapita, waombe maji ya moto. Nani akaanga mahamri?

Rukia, 20:30: Tiki za buluu nimeziona.

Fuad, 20:51: Na mbaazi je? 😂

Saumu, 20:52: Tui la nazi ni maji hayo, zitashikwa!

Fuad, 20:52: Bibi apigwe picha na sufuria 😂😂

Rukia, 20:55: Fuad, chupa iko wapi?

Fuad, 21:03: Yetu haishiki moto. Ya kina Mwanaisha ndiyo nzuri. Nikifika nitawauliza wafagiaji na wapagazi wanakula wapi, wao hawanunui kwa bei ya abiria.

Rukia, 21:04: Waulize, lakini usimwache Bibi peke yake na mizigo. Na teksi isimame njiani kwanza, mnywe chai ya kibandani.

Mwanaisha, 21:20: Vyombo vikitoka kwetu havirudi. Dele la mama la kahawa lilikwenda harusi ya Saumu, mpaka leo.

Saumu, 21:22: Nililirudisha kwa mkono wangu, pamoja na kigae cha makaa. Marehemu mamako ndiye aliyepokea mlangoni.

Mwanaisha, 21:23: Marehemu hawezi kujibu.

Ami Athmani, 21:37: Dele ninalo mimi. Alinipa kabla hajalazwa, na alipofariki nikaona haya kulitaja. Mama yangu aenda Makka, nanyi mwagombania shaba. Nyamazeni.

Rukia, 22:10: Tumekusikia Ami. Tuwie radhi.

Mwanaisha, 22:26: Nitakaanga mahamri thalathini. Chupa sijasema.

Rukia, 22:31: Ishirini yatosha. Ndege ya hapa ni kilo 15, na begi la Bibi limeshajaa. Iliki usiibanie. Yakitoka mafutani yapoe kwenye ungo mpaka ndani, ndipo uyafunge. Yakifungwa moto yatoa jasho, yakifika Nairobi yamelainika yote.

Saumu, 22:40: Kashata zangu. Mwanaisha, kesho naja kwako.

Khalfani, 23:58: Ndiyo nafungua simu. Bibi asafiri lini?

Rukia, 05:12: Alhamisi. Soma juu. Na chupa bado.