Mjadala: Kwenye gemu za maharamia, mwenye meli ndiye mwenye kauli ya mwisho?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, naomba tulichambue bila matusi.

Nacheza Sea of Thieves, gemu ya maharamia ya mtandaoni, karibu kila wiki, mara nyingi kwenye galioni, ile meli ya watu wanne. Kikosi chetu kimekaa pamoja zaidi ya mwaka: mmoja usukani, mmoja matanga, mmoja mizinga, na mimi chini na mbao na ndoo yangu, kuziba matundu na kuchota maji. Juzi tumetoka kuvunja ngome, sitaha imejaa makasha hadi pa kukanyaga hapana. Wawili tukasema twende tukauze. Mwenye meli akaona mlingoti mmoja kwa mbali, akasema hiyo slupu, ile meli ndogo ya mlingoti mmoja, tunaimaliza dakika tano. Kumbe ilikuwa brigantini yenye milingoti miwili. Ilituelekezea omo, yaani sehemu yake ya mbele, ndiyo maana mlingoti wa nyuma ulijificha. Baada ya dakika arobaini tulikuwa tunaelea majini tukitazama watu wengine wakiokota makasha yetu. Tulipomuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Meli ni yangu." Wawili wakatoka usiku uleule na hawajarudi.

Kwa wasioijua gemu hii: mali iliyoko sitahani si yako hadi ukamkabidhi mnunuzi. Ikishauzwa, kila aliyemo kikosini wakati huo anapata bei kamili, hakuna kukatana mafungu. Kwa hiyo kwetu ugomvi wa mgawo haupo. Ugomvi ni wa saa: tuuze sasa au tuendelee? Na tangu Agosti 2022, ulipoletwa utaratibu wa kumiliki meli na kuipa jina, kila kikosi kina mtu mmoja anayeamini kwamba saa nayo ni mali yake.

Msimamo wangu: nahodha apigiwe kura kila mnapong'oa nanga, na amri yake iwe ya vitani tu. Njia, muda na kuuza, wengi wape.

Msukani

Pole kwa makasha, mkuu. Lakini manahodha wengi chombo huenda mrama, na aliyetunga methali hiyo hakuwa anacheza gemu.

Galioni ina matanga matatu na inageuka polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Upepo ukibadilika, mwamba uko mbele, nani anangoja watu watatu wahesabiane mikono? Mimi nimeshika usukani kwenye vikosi vya kura. Unasikia "kulia", unasikia "shusha nanga", unasikia mtu anauliza tunaenda wapi hasa. Chombo kinagonga mwamba huku wote wana haki sawa.

Halafu mwenye meli ndiye aliyetoa dhahabu kuinunua, na mafanikio ya safari yanaandikwa kwenye rekodi ya meli hiyo. Ukitaka kauli, nunua yako, ualike watu. Mwenzako alikosea hesabu ya milingoti, basi. Kosa la jicho si kosa la mfumo.

Mpiga mizinga

Msukani, maharamia wenyewe, wale wa kweli, wangekucheka.

Masharti ya nahodha wa maharamia Bartholomew Roberts, aliyeuawa Februari 1722, yalichapishwa mwaka 1724. Sharti la kwanza kabisa: kila mtu ana kura katika mambo yanayowahusu. Nahodha alipata mafungu mawili tu ya nyara, sawasawa na msimamizi wa mabaharia. Serahangi, yaani msimamizi wa kazi za sitahani, na mkuu wa mizinga (napenda hapa) moja na nusu. Taa zilizimwa saa mbili usiku, na anayetaka kuendelea kunywa akanywee juu sitahani. Kwa desturi ya maharamia wa zama zile, nahodha alikuwa na amri isiyopingwa wakati wa kufukuza chombo au kupigana. Nje ya hapo alikuwa mtu kama wengine.

Na waliitumia kura yao. Novemba 1718 Charles Vane alikataa kushambulia meli ya kivita ya Wafaransa. Mabaharia wakapiga kura, wakamvua unahodha, Jack Rackham akachukua nafasi. Sasa wewe unasema mtu aliyenunua meli kwa dhahabu ya kwenye kioo haguswi?

Msukani

Mfano wa Vane unanisaidia mimi. Alitaka kukimbia, wengi wakataka vita, wakamwondoa mwenye tahadhari. Kwenye kisa cha mleta mada ni kinyume, mwenye meli ndiye aliyetaka vita. Kura ingeweza kabisa kuwapeleka kwa brigantini ileile, tofauti mngezama kidemokrasia.

Mleta mada

Hapo umenipata kidogo. Ila tungezama wote tukiwa tumekubaliana, na leo ningekuwa na watu wa kucheza nao. Kuzama si tatizo, tumezama mara ngapi! Meli inarudi, mbao zinapatikana. Watu ndio hawarudi.

Mpweke wa slupu

Sisi ni wawili kwenye slupu. Kura zetu huwa moja kwa moja, sare. Tunamaliza kwa kunyamaziana. Endeleeni.

Aliyefungwa

Nyote mnaosema wengi wape hamjawahi kuwa wachache.

Wiki yangu ya kwanza niliingia kikosi cha wazi, kile ambacho gemu inakutupa na watu usiowajua. Sikuwa na maikrofoni. Wale watatu walikuwa marafiki, wanacheka mambo yao. Niliangusha nanga pasipotakiwa, kosa la mgeni, na hapohapo ikaja kura. Gemu hii ilipotoka Machi 2018 haikuwa na kitufe cha kumfukuza mtu. Kilichokuwepo ni gereza chini ya sitaha, na wengi wakikubali unafungiwa humo hadi wapige kura nyingine ya kukutoa. Nilikaa nikisikiliza mizinga juu ya kichwa changu. Maji yakaanza kuingia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na tundu kuliko wote na nilikuwa nyuma ya nondo! Waliponitoa, maji yalikuwa kifuani, na walinitoa ili nichote.

Kwa hiyo kura hiyo mnayoisifu, mimi niliijua kama kufuli. Na kuna jambo jingine mleta mada amelipita haraka. Anasema kila aliyemo anapata bei kamili. Sawa. Na asiyekuwemo? Mtu akifanya kazi saa tatu, akaitwa nyumbani dakika tano kabla ya kuuza, anaondoka mikono mitupu. Akaingia mgeni kwenye nafasi yake, hajashika hata ndoo, analipwa sawa na waliovuja jasho. Wengi wakipiga kura ya "tuendelee", wanakuwa wanapiga kura ya kumdhulumu yule mmoja ambaye lazima aondoke. Hiyo nayo mtaiita haki kwa kuwa ni watatu kwa mmoja?

Mkongwe

Dada Aliyefungwa (au kaka, unisamehe) ameongea jambo ambalo gemu za zamani zililijua.

Kwenye Sid Meier's Pirates!, ya 1987 na iliyotengenezwa upya 2004, unaajiri mabaharia kwenye vilabu vya pombe bandarini, na wanakupima kwa mambo mawili: dhahabu na muda. Ukikaa nao baharini mno bila mgawo, wananuna, na usipojali wanaasi. Ukiajiri wengi kupita kiasi, fungu la kila mmoja linapungua na wananuna mapema zaidi. Dawa ni kutia nanga na kugawana, lakini ukigawana msafara umekwisha, watu wanatawanyika, unaanza kuajiri upya. Nahodha mzuri wa gemu ile ni yule anayejua mwisho wa safari kabla hajalazimishwa.

Puzzle Pirates ya 2003 ilienda mbali zaidi kwa sababu mabaharia ni watu kweli. Kuna vyeo, kuanzia mtumishi wa kabini hadi ofisa na nahodha, na kuna vibarua: mtu wa kundi jingine anapanda chomboni kwa safari moja, anafanya useremala au anachota maji, anachukua chake anashuka. Kibarua alijua tangu mwanzo yeye ni kibarua. Nimeona makundi yaliyodumu miaka, na siri yao ilikuwa hiyo, kila mtu kujua amepanda kwa kazi gani na atashuka lini. Kura walipiga mara chache sana.

Assassin's Creed IV: Black Flag ya 2013 siihesabu. Mle mabaharia ni nambari. Unawaokota baharini, wanakuimbia vizuri, wanakufa, unaokota wengine.

Mpiga mizinga

Mkongwe, hilo la mwisho wa safari limo hata kwa Roberts, nililisahau. Sharti moja lilisema asiongelee mtu kuvunja kundi hadi kila mmoja awe amepata pauni 1,000. Kwa hiyo mwisho uliandikwa kabla ya mwanzo.

Mleta mada

Nimesoma yote, na narudisha nusu ya hoja yangu.

Aliyefungwa amenionyesha kosa nililokuwa silioni. Nilidhani dhuluma ya juzi ilikuwa mmoja kuwaamulia watatu. Lakini nikumbuke vizuri: mmoja wa wale wawili walioondoka alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba ana zamu ya alfajiri. Hata kama sote watatu tungepiga kura ya kupigana, yeye angebaki amedhulumiwa vilevile.

Kwa hiyo sasa nasema hivi. Vitani, mwenye usukani asikilizwe, Msukani umeshinda hapo. Njia, kura. Lakini kuuza isiwe kura wala isiwe ya mwenye meli. Iwe haki ya anayeondoka kwanza. Akisema "naondoka baada ya nusu saa", omo inageuzwa bandarini, na kama tunamhitaji akae hadi shehena ishuke, tunakwenda moja kwa moja bila kukodolea macho tanga la mtu.

Msukani

Na mtu akidanganya? Kila akiona tanga, ghafla ana zamu ya alfajiri. Utakuwa na kikosi cha waoga wanaouza kasha mojamoja.

Aliyefungwa

Basi ataje saa yake kabla nanga haijang'olewa. Akitaka baadaye kuondoka mapema zaidi kwa kuogopa tanga, hiyo ni juu yake.

Msukani

Hilo naweza kuishi nalo. Ila meli bado ni ya mwenye meli, sijabadilika.

Mleta mada

Niliwaandikia wale wawili leo mchana. Mmoja amekubali kurudi, wa zamu ya alfajiri hajajibu. Mwenye meli naye yumo, amenuna lakini yumo. Usiku tuko watatu na galioni inataka wanne. Msukani, unakuja?

Msukani

Nakuja. Naondoka saa nne na nusu. Na usukani ni wangu.